UZI: Superkondakta za joto la juu, tusiangalie ukinzani peke yake (mrefu, bebeni chai)

#1 MkondoHafifu

Wakuu salama humu? Juzi kuna uzi ulikuwa unafukuta, watu wanabishana kama ile LK-99 ya Wakorea (kauri iliyodaiwa kuwa superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, hata kwenye joto la chumba) ilizimwa na wenye makampuni ya umeme au tulipigwa changa la macho, nikaanza kujibu kulekule jibu likawa refu nikaona nisiharibu uzi wa watu. Mimi nashinda maabara napima umeme na joto vinavyopita kwenye vitu vilivyopozwa mpaka basi, kwa hiyo hapa naongelea kitu kinachoniweka mjini.

Hoja yangu ni moja. Mtu akikuletea superkondakta mpya na ushahidi wake wote ni grafu ya ukinzani iliyoporomoka, usimpe mkono bado, muulize volteji ya joto ikoje. Ukinzani ni namba inayochezewa na vitu vingi sana, na hata isipochezewa inakwambia kidogo mno kuhusu nini hasa kinatembea mle ndani.

Historia fasta kwa wasioijua. 1911 Leiden, Uholanzi, kundi la Heike Kamerlingh Onnes lilipoza zebaki mpaka 4.2 K, yaani kama nyuzi 269 chini ya sifuri ya sentigredi, ukinzani ukapotea. Baada ya hapo miaka 75 watu wanahangaika na metali na aloi hawakufika hata 24 K. Halafu 1986 Bednorz na Müller wa IBM, maabara yao iko Rüschlikon karibu na Zürich, wakachukua kauri ya lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni, ukinzani wake ukaanza kuporomoka kwenye 30 K na kitu. Kauri jamani, kundi moja na vigae! Mwaka uliofuata tu wakapewa Nobel, sijui kama kuna Nobel ya fizikia iliyotoka haraka vile. Mwanzoni mwa 1987 timu ya Maw-Kuen Wu kule Alabama na ya Paul Chu kule Houston wakaweka itriamu mahali pa lanthanamu, wakagonga 93 K, na hapo ndo dunia ilichanganyikiwa, maana naitrojeni inachemka kwa 77 K. Heliamu ni ghali na ya kubembeleza, naitrojeni unaitengeneza kutoka kwenye hewa. Wale wa mifugo humu mnaijua vizuri, ndo ile inayohifadhi mbegu za madume kule Usa River, na Wakenya wanayo Kabete.

Hiyo kauri ya itriamu inaitwa YBCO kwa kifupi. Nitaitaja sana.

Naendelea, nipeni dakika.

#2 Zege Halilali

Tiririka mkuu, nimeweka kambi hapa.

Ila subiri, naitrojeni ya ng'ombe? Kwa hiyo hii kitu mtu anaweza kuifanya Arusha, sio mpaka NASA?

#3 MkondoHafifu

@Zege Halilali hata Singida ukibeba mtungi vizuri. Kuitengeneza YBCO yenyewe ni kazi ya jikoni kidogo: oksidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, unapima ili atomi ziwe 1 kwa 2 kwa 3, unasaga kwenye kinu mpaka mkono uume (vaa barakoa na glavu, kaboneti ya bariamu ni sumu sio utani), unachoma kwenye tanuru nyuzi 930 mpaka 950 hivi, unatoa, unasaga tena, unakandamiza iwe kidonge, unachoma tena, halafu mwishoni unaipoza taratibu huku oksijeni inapita. Ikitoka nyeusi ti una matumaini. Ikitoka na kijani umetengeneza kampaundi nyingine kabisa ya itriamu, bariamu na shaba ambayo haipitishi kitu, rudi mwanzo.

Hiyo hatua ya oksijeni watu wanaidharau na ndo roho ya mchezo. YBCO yenye oksijeni 6 ni kihami, umeme haupiti. Yenye 6.9 na zaidi kidogo ni superkondakta ya 90 na kitu. Kauri ileile kwa macho, tofauti ni oksijeni iliyojipanga kwenye minyororo ya shaba na kunyonya elektroni kutoka kwenye safu za jirani, hivyo kuacha mashimo. Hayo mashimo, yaani nafasi za elektroni zilizoondoka, ndo yanayobeba umeme.

#4 binti_fizikia

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko mwaka wa mwisho na ndo projekti yangu hii. Swali: unajuaje kwamba sifuri ni sifuri? Maana mita yangu haijawahi kusoma sifuri, hata sampuli ikiwa ndani ya naitrojeni inacheza kwenye mikrovolti mbili tatu.

#5 MkondoHafifu

Dada umeuliza swali ambalo lingeniokolea nusu ya uzi ningeanza nalo.

Kwanza natumaini unatumia nyaya nne. Mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji. Ukitumia mbili tu unapima ukinzani wa gundi ya fedha na wa nyaya, sampuli yenyewe inajificha humo. Hilo utakuwa unalijua.

Sasa hizo mikrovolti mbili tatu. Waya wako unaanzia kwenye mita, joto la chumba, nyuzi 300 za kelvini, unashuka mpaka kwenye sampuli iliyo 77. Kitu chochote kinachopitisha umeme ukikitia joto upande mmoja na baridi upande mwingine kinazaa volteji, hiyo ni athari ya Seebeck, 1821. Nyaya zako mbili za volteji zingekuwa pacha kabisa volteji zao zingefutana, ila hazijawahi kuwa pacha: lehemu hapa, kiungio pale, waya mmoja umekunjwa umepata uchovu, basi inabaki tofauti. Hiyo ndo unayoisoma. Sasa piga hesabu, sampuli yako kabla haijawa superkondakta tuseme ina miliomu 1, umepitisha miliampea 1, volteji yake halisi ni mikrovolti 1. Takataka kubwa kuliko mali!

Dawa: pitisha mkondo huku, soma, geuza mkondo, soma tena, toa moja kwa nyingine gawa kwa mbili. Volteji ya sampuli inageuka na mkondo, ile ya joto haijali mkondo unaenda wapi kwa hiyo inajifuta. Fanya hivyo haraka kabla joto halijahama. Ukiona baada ya kugeuza imebaki nanovolti za kelele tu, hapo sawa, na hata hapo usiandike "sifuri", andika "chini ya kiwango hiki ninachoweza kupima".

Na hapo ndo utamu unapoanza. Ile volteji unayoifuta kama uchafu, ukiiacha ukaipima kwa makusudi kwenye sampuli yenyewe, inakwambia vitu ukinzani haukwambii.

#6 Kijana wa Makongo

Nakazia hapo kwenye nyaya nne, kuna jamaa alileta video ya "superkondakta" kapima na multimita ya elfu kumi na tano 😂

Endelea mleta uzi, hiyo volteji ya joto unaipimaje?

#7 MkondoHafifu

Kijipande cha sampuli, urefu kama punje ya mchele mrefu, mwisho mmoja umebandikwa kwenye shaba baridi, mwisho mwingine una hita ndogo sana. Thamokapo (vipimajoto vya waya) mbili juu yake, sehemu mbili tofauti. Unawasha hita mpaka tofauti ya joto kati ya hizo sehemu mbili iwe kama kelvini 1, sio zaidi sana, halafu HUPITISHI mkondo wowote, unasoma volteji inayojizaa yenyewe. Gawa volteji kwa tofauti ya joto, umepata thamopawa, tunaiandika S. Kwa kauri hizi zikiwa kwenye hali yake bora S kwenye joto la chumba ni ndogo mno, mikrovolti kama 2 kwa kila kelvini. Kwa hiyo unawinda mikrovolti 2 kwenye msitu wa nyaya zenye za kwao. Unatoa mchango wa nyaya kwa hesabu. Kazi ya kukaa macho.

Ukishusha joto polepole S inacheza cheza, halafu ukifika Tc (joto ambalo usuperkondakta unaanzia) inaanguka sifuri na kubaki hapohapo mpaka chini kabisa. Kwa nini? Elektroni ya kawaida ni mchuuzi mwenye kapu kichwani, kapu ndo entropia (kipimo cha vurugu ya joto), akihama kutoka upande wa joto kwenda wa baridi anahama na mzigo wake, na huo uhamaji ndo unazaa S. Elektroni zikishaungana jozi jozi chini ya Tc zote zinaingia hali moja, hazina kapu. Zinapita mikono mitupu. Volteji ikijaribu kutokea ndani, jozi zinakimbia bila ukinzani na kuifuta papo hapo. Hivyo R (ukinzani) sifuri na S sifuri lazima zije pamoja, kwenye joto lilelile. Moja ikija bila mwenzie anza kunusa.

#8 Injinia Mstaafu

Vijana naona mnajadili mambo mazuri. Nina angalizo. S inaweza kupita sifuri hata kwenye metali ya kawaida, ikiwa vibebaji chanya na hasi vinalingana nguvu. Kwa hiyo S kuwa sifuri nayo si ushahidi.

#9 MkondoHafifu

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa na ndo maana nimesema "na kubaki hapohapo". Metali inapita sifuri inaendelea upande wa pili, superkondakta inafika inakaa. Na bado unataka kitu cha tatu, sumaku: inafukuza uga wa sumaku au haifukuzi, na ukiongeza uga ile Tc inashuka au haishuki. Vitatu vikikubaliana tunakunywa soda.

Turudi LK-99. Julai 2023 Wakorea wakaweka andiko, kauri ya risasi, fosfati na shaba kidogo, wanadai superkondakta ya zaidi ya 400 K, yaani hata ukichemsha maji juu yake bado inafanya kazi. Grafu yao ya ukinzani ilionyesha mporomoko mkali karibu na nyuzi 104 za sentigredi. Watu wakapagawa. Ila kwenye kupika ile kitu inabaki salfaidi ya shaba kama taka, na salfaidi ya shaba ina mabadiliko ya muundo wa kioo, fuwele zake zinajipanga upya, kwenye nyuzi 104. Ikijipanga upya ukinzani unaruka. Wachina wa Taasisi ya Fizikia Beijing wakapima salfaidi yenyewe wakapata mruko uleule, na Wajerumani wa Max Planck kule Stuttgart wakakuza fuwele safi za LK-99 bila salfaidi: ya zambarau, inaangaza kama glasi, na ni kihami. Hakuna beberu aliyezima kitu, ni taka za jikoni.

#10 Zege Halilali

Daah. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa natetea taka.

#11 Nyambura254

Wasee wa Bongo mko na nyuzi serious kuliko sisi. Swali la mtu wa chemistry: umesema S ni ndogo kwa ile "hali yake bora". Si mkipima tu S kwa room temperature mnaweza kujua sampuli iko poa ama haiko, bila hata kuipoza?

#12 MkondoHafifu

Nyambura umenisoma mawazo. Ndio, na hii ni moja ya vitu nipendavyo kwenye fani nzima.

1992 Obertelli, Cooper na Tallon walikusanya vipimo vya kauri nyingi za shaba, zenye itriamu, zenye bismathi, zenye thaliamu, wakapanga S ya nyuzi 290 za kelvini dhidi ya idadi ya mashimo kwa kila atomi ya shaba. Zikakaa kwenye mstari mmoja! Vitu vyenye kemia tofauti kabisa. Mashimo machache S ni kubwa na chanya, makumi ya mikrovolti. Ukiongeza inashuka kwa kasi. Ukifika mashimo 0.16 kwa kila shaba, ambapo Tc iko kileleni, S ni kama +2. Ukizidisha mashimo inavuka na kuwa hasi, na Tc inaanza kushuka tena. Yaani unashika sampuli ikiwa mezani na joto la chumba, unaipasha kidogo upande mmoja, dakika chache unajua imekaa wapi kwenye ramani. Watu wanaitumia mpaka leo. Ukipima ukinzani peke yake pale mezani huwezi kujua hivyo, kwa sababu ukinzani wa kidonge umejaa nyufa, mipaka ya chembe na hewa. S haina habari na umbo la sampuli, haigawi kwa urefu wala unene.

#13 Kijana wa Makongo

Ngoja nirudi nyuma. Juu ya Tc, kabla haijawa superkondakta, si inakuwa waya wa kawaida tu? Nini kinachowaweka watu miaka 40 wanaandika?

#14 MkondoHafifu

Haa, hapo sasa. Juu ya Tc ndo kuna vurugu, chini ya Tc mambo yametulia.

Kwanza ni waya mbovu. YBCO safi kwenye joto la chumba ni mbaya kuliko shaba ya kawaida mara mia na zaidi. Ukiambiwa uchague kati ya hivyo viwili vikiwa mezani ungechukua shaba bila kufikiri. Na ukichukua za bismathi ukapitisha umeme kukatisha safu badala ya kufuata safu, ukinzani ni maelfu ya mara zaidi, kana kwamba ni vitu viwili tofauti kwenye fuwele moja.

Pili, na hili ndo linalokera: ukishusha joto, ukinzani unashuka kwa mstari ulionyooka. Shaba nayo inashuka hivyo kwenye joto la juu, lakini chini ya 50 K hivi inajikunja na kulala, kwa sababu mtetemo wa atomi unaozizuia elektroni umezimika. Hizi kauri haziinami. Gurvitch na Fiory walionyesha 1987 mstari ule umenyooka, halafu 1990 ukaja wa kauri moja ya bismathi yenye Tc ndogo, kutoka 700 K mpaka karibu 10 K, mstari, mstari, mstari. Mtetemo wa atomi hauwezi kukupa hiyo. Na ukienda juu, ukinzani unapita mpaka ambapo elektroni ingetakiwa kugongana kabla hata haijafika atomi ya jirani, ambayo haina maana kabisa kwenye picha ya elektroni kama kidude kinachotembea.

Ukibadilisha ule ukinzani kuwa muda kati ya mgongano na mgongano unakuta unalingana takriban na ħ gawa kwa kT (ħ ni namba ya Planck, k ya Boltzmann, T ni joto). Kwa 300 K hiyo ni kama femtosekunde 25. Hamna tabia ya kauri mle ndani, hamna itriamu wala bismathi, ni namba za ulimwengu tu na joto. Wakaiita metali ya ajabu, na mpaka kesho hakuna nadharia ambayo kila mtu ameipigia saini. Mimi binafsi nadhani picha ya elektroni mojamoja imeshakufa pale na tunaendelea kuivalisha nguo, ila kuna wenzangu wazito hawakubali.

#15 binti_fizikia

Kaka na Hall? Mwalimu alisema Hall ndo inahesabu vibebaji.

#16 MkondoHafifu

Hall ni volteji ya pembeni inayotokea mkondo ukipita ndani ya sumaku, na kwenye metali tulivu ndio, inahesabu. Hapa Hall inabadilika na joto, kitu ambacho idadi ya vibebaji isingetakiwa kufanya. Lakini ukiua usuperkondakta kwa sumaku kubwa ukapima chini kabisa, inaongea. 2007 watu wa Sherbrooke, Kanada, kundi la Louis Taillefer, na wenzao wa Toulouse, Ufaransa, wenye sumaku za mapigo zinazofika tesla 60 na kitu, walipima YBCO yenye mashimo machache wakakuta Hall imegeuka HASI. Kauri ya mashimo, chanya, imekuwa hasi. Baadaye wakapima Seebeck ikageuka hasi vilevile. Maana yake ni kwamba elektroni zimejipanga upya mle ndani, mawimbi ya chaji yamekata ile bahari ya mashimo na kuacha kidimbwi kidogo cha elektroni. Kipimo kimoja ungesema bahati mbaya, viwili vikikubaliana huna pa kukimbilia.

Na kuna Nernst, binamu wa Seebeck. Joto linatiririka kwenda mbele, sumaku iko wima, unasoma volteji ya pembeni. Kwenye metali nyingi ni karibu na hakuna. Kwenye superkondakta yenye sumaku ndani ni kubwa, kwa sababu sumaku inaingia kama vimbunga vidogo vya mkondo vyenye kiini cha kawaida katikati, na vimbunga hivyo VINA entropia, vinasukumwa na joto kwenda upande baridi, na kimbunga kinachotembea kinazaa volteji ya pembeni. Kumbuka hili mnapoona superkondakta ndani ya sumaku inarudisha ukinzani: vimbunga vimeng'oka vinatembea. Wanaotengeneza waya kazi yao kubwa ni kuweka vigingi vya kuvikamata.

2000 kundi la Ong pale Princeton likapima Nernst kwenye kauri ya lanthanamu wakakuta inaanza makumi ya kelvini JUU ya Tc. Wakasema: jozi zipo tayari huko juu, ila hazijashikana mwendo, vimbunga vinazurura. Habari kubwa. 2009 Sherbrooke wakajibu: hapana, sehemu ya hiyo Nernst inatokana na mistari ya chaji na sumaku, sio vimbunga. Ugomvi wa heshima huo. Nikipima mimi naona karibu na Tc Ong yuko sahihi, ukipanda mbali Sherbrooke wana hoja, lakini mpaka uko wapi ndo hapo tunashikana mashati.

#17 Injinia Mstaafu

Vizuri. Sasa tuje duniani. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na laini ya kilovolti 400 mpaka Chalinze. Vijana wanapenda kuniuliza kwa nini tusiweke waya hizi. Wewe unayezipima unasemaje?

#18 MkondoHafifu

Mzee kwa mwendo wa porini hapana. Kebo ya superkondakta inataka bomba la naitrojeni pembeni yake njia nzima, na pampu na mitambo ya kupoza kila baada ya kilomita kadhaa, mchana na usiku, na kwa umeme wa kupanda na kushuka bado kuna upotevu kidogo hata kama R ya mkondo mnyoofu ni sifuri, maana vimbunga vinatikiswa mara 50 kwa sekunde. Laini ya juu ya nguzo ni rahisi mno kushinda hilo.

Inapoingia akilini ni katikati ya jiji ambapo hakuna nafasi. Essen, Ujerumani, 2014 waliwasha kebo ya kilomita 1, kilovolti 10 tu, iliyoweza kubeba megawati 40, kazi ambayo ungetaka kebo ya kilovolti 110 na kituo chake cha transfoma. Ukiwa nayo kituo hakihitajiki, kiwanja kinabaki. Long Island, New York, 2008 walikuwa na ya mita 600 kwa kilovolti 138. Hiyo ndo saizi yake.

Ila matumizi yaliyonikaa moyoni ni ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva. Sumaku zao zinakaa kwenye heliamu, zinataka mkondo wa ampea mpaka 13,000 kutoka nje ambako ni joto la chumba. Ukitumia shaba nene inayopitisha mkondo huo, shaba hiyohiyo inashusha joto kama mto kwenye heliamu yako, kwa sababu kwenye metali umeme mzuri na joto zuri vinatembea pamoja, elektroni zilezile zinabeba vyote. Mikono mitupu tuliyosema pale juu inakuwa mali hapa: jozi zinabeba mkondo hazibebi joto. Wakaweka vipitishio zaidi ya 1,000 vyenye sehemu ya kauri ya bismathi kati ya takriban 50 K na heliamu. Na angalia umakini wao, kauri ile imefungwa ndani ya fedha, fedha safi ingepitisha joto, kwa hiyo wakaichafua na dhahabu kidogo makusudi iwe mpitishaji mbaya. Dhahabu inatumika kama uchafu!

#19 Injinia Mstaafu

Na hapohapo ndipo palipolipuka 2008.

#20 MkondoHafifu

Sio kwenye hivyo vipitishio mzee, ilikuwa kiungio kati ya sumaku mbili, niobiamu na titani na shaba, 19 Septemba 2008. Kiungio kilitakiwa kiwe na ukinzani chini ya nanoomu 1, kikawa na kama 220. Mkondo ampea 8,700. Zidisha mkondo kwa mkondo kwa ukinzani, unapata kama wati 17. Taa ya nje ya nyumba inakula hiyo. Ila kwenye heliamu wati 17 mahali pamoja zilitosha, superkondakta ikarudi kuwa waya wa kawaida, kiungio kikayeyuka, cheche ikatoboa chombo na heliamu tani kama 6 zikatoka. Mtu akikwambia nanoomu 200 "ni sifuri tu" mpe hiyo hesabu.

#21 Nyambura254

Wati 17 na tani 6 za helium, eish. Hii naibeba kwa group ya darasa.

#22 binti_fizikia

Kaka nimefanya vile ulivyosema, kugeuza mkondo. Zile mikrovolti zimepotea. Lakini mporomoko wangu unaanza 60 hivi, sio 92. Na mwalimu alinisaidia kupima S mezani, ni kama +10.

#23 MkondoHafifu

Safi sana, namba zako mbili zinaongea lugha moja. Kwenye ule mstari wa 1992, +10 inakupeleka mashimo kama 0.12 kwa kila shaba, na YBCO ya 0.12 inakaa palepale kwenye 60 K. (Usiing'ang'anie kwa desimali, minyororo ya shaba na oksijeni nayo inachangia S kidogo kwenye YBCO, hasa ikishiba.) Uwiano wako wa 1-2-3 uko sawa, tanuru lako liko sawa, umekosa oksijeni tu. Usiisage upya. Irudishe hivyohivyo kwenye tanuru nyuzi 450 za sentigredi, oksijeni inapita, iache usiku kucha na zaidi kama kidonge ni kinene, halafu izime ishuke yenyewe, usiichomoe ya moto. Kabla hujahangaika na naitrojeni pima S kwanza, ikiwa imeshuka karibu na 2 ndo uende kuchukua mtungi.

#24 binti_fizikia

Sawa kaka. Tanuru lina foleni mpaka Alhamisi, na mtungi wa oksijeni tunagawana na wa uhandisi. Nitaleta namba.

#25 Zege Halilali

Mimi nipo hapa nasubiri hiyo S.